Bastola Nne Katika Sinia Moja

Siku Toribio alipoondoka, maharage mekundu yalikuwa yamebakiza kuiva kidogo tu, na Karmele alikuwa amesimama jikoni akiyakoroga kwa upawa wa chuma wa marehemu bibi yake. Toribio alitokea mlangoni na koti lake la kazi la buluu, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na kitu kidogo amekibana kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Karmele, njoo uone kitu."

"Kitu gani? Bastola nyingine?"

"Kipande cha bastola."

"Basi kitangoja. Maharage hayangoji."

Toribio aliutazama upawa, akakitazama kile kitu chake, akacheka peke yake kama mcheza karata aliyekwisha kushinda huku wenzake hawajui. Akakifumbata.

"Haya, tule kwanza. Lakini leo utaniomba radhi, mwanamke wewe. Kwa miaka yote."

"Niombe radhi mimi? Uniombe wewe, kwa ile meza yangu."

Meza yenyewe ilikuwa ya chumba cha kulia, na Karmele alikuwa amekwisha kuikatia tamaa. Toribio alikuwa ameitandika magazeti na kufungua bastola nne juu yake. Akarudi huko. Maharage yalipoiva Karmele alimwita, akamwita tena kwa sauti ya kumwitia kiziwi, kisha akaenda mwenyewe akiwa na maneno yake tayari mdomoni. Alimkuta ameketi, kidevu kifuani, mkono mmoja pajani. Maneno yale hakuyasema.

Nyumba ilijaa watu mchana ule ule. Majirani walipanda ngazi, daktari akaja, binti yao Nekane akaja kutoka Bilbao na macho mekundu. Kahawa ilipikwa, na kahawa ilihitaji mahali pa kuwekwa. Karmele hakuweza kukaa. Kila walipomkalisha aliinuka. Akaenda kwenye ile meza kuiondolea vitu. Kila bastola ilikuwa imelazwa kwenye gazeti lake, vipande vyake vimeizunguka kama vifaranga. Karmele aliinua gazeti la kwanza akavimimina vyote katika sinia, akainua la pili akamimina, na la tatu, na la nne, kama mtu anayemwaga maganda ya njegere. Kisha akaweka vikombe. Hakuna aliyemzuia, na yeye mwenyewe hakujua alichofanya.

Mahali pengine lisingekuwa kosa kubwa. Bastola ni chuma, chuma hupangwa upya. Lakini hizi zilikuwa bastola za Eibar, mji huu wa mafundi chuma kaskazini mwa Hispania, za wakati wa ile vita kuu ya kwanza. Wafaransa walipokosa bastola walikuja kuzitafuta kwenye bonde hili, wakaagiza nyingi kuliko uwezo wa karakana iliyopata kazi. Karakana hiyo ikamgawia jirani, jirani akamgawia mume wa dada yake, mpaka kazi ikafika kwenye vyumba vya nyuma vya nyumba ambazo mbele ziliuza mvinyo. Wengi hawakuona mchoro wowote. Mtu alipewa bastola moja aitazame aige, na aliyefuata akaiga ya yule mwigaji. Kwa mbali zote ni watoto wa tumbo moja. Ukizikaribia, hii ina mikato iliyonyooka mahali pa kushikia, ile imepinda. Hii ni nyeusi ya buluu, ile imeelekea zambarau. Ukichukua magazini ya hii, kile kikasha cha risasi, ukaitia katika ile, inakwama, au inaanguka miguuni pako. Ndiyo maana bastola za kila karakana ziligongwa herufi zake, askari asije akaenda vitani na magazini ya mwenzake.

Wapo wanaokusanya vitu vizuri. Toribio alikusanya zile tofauti. Alikuwa na kabati la chuma lililojaa bastola hizo, na kwa kila moja angeweza kukwambia ilitoka mtaa gani na iliiga ya nani. Hakuandika chochote, yote yalikuwa kichwani, na zile zenye herufi zilijisemea. Karmele alikuwa amemwambia mara nyingi, mbele za watu, kwamba mume wake ameoa mwanamke mmoja na bastola moja, ila hiyo bastola ameinunua mara mia.

Wiki moja baada ya mazishi alikuja Anselmo. Anselmo Gisasola alikuwa fundi wa makufuli, rafiki wa Toribio tangu shule, naye mkusanyaji vilevile, ila wa vitu vya kung'aa: bastola zenye nakshi ya dhahabu na vitako vya pembe. Alikaa jikoni, akanywa kahawa, akageuza kikombe, akakigeuza tena.

"Shemeji, nimezungumza na askari wa vibali vya silaha. Kibali cha Toribio kimekufa naye. Nimeandikishwa kuzitunza kwangu hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo isiyo na mwenyewe inaingia tanuri."

"Zote?"

"Nitachukua tano nzuri. Zilizobaki..." Alikuna sikio. "Unajua mwenyewe, shemeji. Ukiona moja umeziona zote. Maneno yako hayo."

"Maneno yangu nayajua. Sijakuomba unirudishie."

"Sasa nifanyeje? Kibali changu kina ukomo wake."

"Wewe zitunze. Tanuri niachie mimi."

Kesho yake Karmele alivaa koti lake jeusi akateremka hadi kwenye jumba la makumbusho la mji, akaomba kuonana na mwenye mamlaka. Wakamletea msichana. Garazi Elortza alikuwa na nywele fupi na umri wa kuwa mjukuu wake, na Karmele alikaribia kuuliza mkubwa wake yuko wapi. Lakini yule msichana aliposikia jina la Toribio alifunga alichokuwa akikisoma na kuvuta kiti.

"Alikuwa akija hapa, Bi Karmele. Alituambia bastola tulizonazo kabatini tumeziandika vibaya."

"Mlimfukuza?"

"Tulimpa kahawa. Alikuwa amesema kweli."

Walikwenda pamoja kwa Anselmo. Garazi alizipitia kwa glavu, moja baada ya nyingine, na Anselmo akimfuata nyuma kama mwenye duka. Mwishowe Garazi akasema jumba lingezichukua zote, zikae pamoja, kwa sababu maana yake ni kukaa pamoja. Bodi ingekutana kabla ya Krismasi. Karmele akavuta kigoda akaketi bila kuambiwa, kwa mara ya kwanza tangu yale maharage. Ndipo Garazi alipofika kwenye sinia.

"Na hizi?"

Anselmo alitazama dari. Karmele akaeleza, kwa maneno machache, sinia lilijazwaje.

Garazi alivua glavu moja. "Bi Karmele, tunachotaka kuonyesha ni kwamba hazifanani. Bastola iliyounganishwa kwa vipande vya nyingine tatu haionyeshi kitu. Nikipeleka nne za namna hiyo, wazee wa bodi wataniuliza: na hizo nyingine, tutajuaje? Watazikataa zote, nami sitakuwa na jibu."

"Zikirudi kila moja na vyake?"

"Zikirudi kila moja na vyake, kamili, nitazibeba mwenyewe."

"Zitarudi," alisema Karmele.

Anselmo alingoja msichana aondoke. "Shemeji, unajua ulichoahidi?"

"Sijui. Wewe unajua. Nionyeshe."

Jioni Nekane alipiga simu. Alisema Mama, hivyo ni vyuma tu. Alisema Baba hayumo ndani ya vyuma, chumba kiko tayari Bilbao, kina jua asubuhi. Karmele alimsikiliza hadi mwisho.

"Jua la asubuhi ni zuri," akasema. "Litaendelea kuwapo Januari."

Basi akajifunga kibwebwe. Kila alasiri, baada ya kuosha sahani yake moja, aliteremka mtaa hadi karakana ya Anselmo, akavaa aproni, akaketi kwenye benchi chini ya dirisha. Katika ujana wake alikuwa amefanya kazi kiwanda cha cherehani, kwa hiyo chuma hakikumtisha. Bastola hakuwahi kuifungua hata moja. Anselmo alimfundisha: hiki kiwiliwili, hili bamba la juu linaloteleza, huu mtutu, hii nyundo iliyojificha ndani, hizi springi, hiki kiwiko kidogo cha pembeni ambacho ukikigeuza kinazuia bastola isifyatuke. Tukiite kizuizi.

Walianza na viwiliwili, kwa kuwa hivyo havikuwa na ubishi. Vitatu vilikuwa na herufi. Cha nne hakikuwa na herufi wala jina, na kilikuwa kibaya mno. Tupa ilikuwa imepita juu yake kama panya kwenye jibini.

"Hii aliinunua Baiona, upande wa Wafaransa, mwaka jana," alisema Anselmo. "Nilimcheka hadi mpakani. Nikamwambia, Toribio, hii hata vitani waliitumia kupigilia misumari. Akaifunga kwenye leso kama yai. Nikamuuliza umeona nini humo, akaniambia nimwachie."

"Hakukwambia?"

"Mimi? Alijua nisingeweza kunyamaza."

Mabamba ya juu yalikwenda upesi. Kila bamba lilikataa viwiliwili vitatu na kukubali kimoja. Karmele alijifunza kusikia: kipande kigeni husaga, au hunyamaza kwa namna ya kulegea, kipande cha nyumbani hutoa mlio mmoja mfupi, kama kitasa cha mlango unaoujua. Mitutu ilisumbua zaidi, miwili ilikuwa ya watu walioigana karibu sana. Siku nzima ilipotea hapo. Anselmo alisema potelea mbali, ukiziweka vyovyote zinaingia.

"Zinaingia. Zimetulia?"

"Shemeji, unanifanya nijione nafanya mtihani."

"Ungeufanya shuleni tungemaliza mapema."

Anselmo akacheka hadi akakohoa. Kisha akaichukua mitutu yote miwili, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakaa nayo muda mrefu. Aliporudi alimwonyesha kwamba vijino vinavyoushika mtutu mmoja mahali pake vilikuwa vimekwanguliwa upande wa kushoto tu, na ndani ya kiwiliwili kimoja palikuwa na mkwaruzo wa upande huo huo. Vyuma viwili vilikuwa vimesuguana tangu kabla wao hawajazaliwa. Baada ya hapo hakusema tena potelea mbali. Siku nyingine Karmele alimkuta ameanza kabla yake.

Sherehe za Mtakatifu Andrea, mwisho wa Novemba, zikaja zikapita, mji ukala konokono na kunywa, na wao walikuwa kwenye benchi. Bastola ya kwanza ikakamilika, ikafuata ya pili. Ya tatu ilikuwa na springi iliyowakimbia, wakaipata imejikunja chini ya gazeti moja lililokuwa limeangukia ndani ya sinia. Ikabaki ile mbaya ya Baiona. Kwa kuwa nyingine zimeshiba, vyote vilivyobaki vilikuwa vyake, na vyote viliingia bila ubishi. Sinia likawa tupu. Na pembeni mwa bastola palikuwa na tundu.

"Kizuizi," alisema Anselmo. "Haina kizuizi."

Walilipindua sinia. Walikung'uta magazeti. Karmele alirudi nyumbani akainua zulia la chumba cha kulia, akachana mfuko wa mashine ya kufagilia na kuchambua vumbi lake kama mchele. Alikuta kifungo na sindano. Kesho yake alirudi kwa Anselmo mikono mitupu, akamkuta ameweka kopo la vipuri juu ya benchi, na mbele ya kopo kizuizi kimoja, na kando yake tupa nyembamba.

"Kinakaribia kuingia," alisema Anselmo kwa upole. "Kimezidi kidogo tu hapa. Nikikipitisha tupa mara mbili, kimekaa. Bodi ni Ijumaa, shemeji. Na hivi ndivyo walivyofanya wenyewe, kila kitu hapa mjini kilikaa kwa tupa."

"Walifanya wao wakati wao."

"Hakuna jicho litakaloona."

"Yule msichana ataonyesha watu mikono ya mafundi wale. Sasa nimpe na mkono wako wa juzi, nimwambie nao ni wa vita?"

"Basi zitaingia tanuri kwa ajili ya kipande cha ukubwa wa kucha."

"Anselmo. Weka tupa."

Aliiweka. Alikuwa mtu mwema, na alikuwa amechoka, na naye pia alikuwa amefiwa. Karmele aliliona hilo siku ile kwa mara ya kwanza, namna alivyokuwa ameketi na mikono yake mikubwa juu ya mapaja. Ilikuwa namna ile ile ya Toribio kwenye kile kiti, isipokuwa mikono ya Anselmo ilikuwa wazi yote miwili.

Karmele alisimama. Alikuwa ameiona ile mikono mingine mara elfu tangu siku ile, kila alipofumba macho, na hakuwahi kuitazama. Mmoja ulikuwa umelala wazi. Wa pili ulikuwa nusu umo mfukoni mwa koti.

"Alikuja nacho jikoni," akasema.

"Nani?"

"Alikuja nacho jikoni, nami nikamwambia kitangoja."

Koti la buluu lilikuwa juu ya kabati la nguo, ndani ya mfuko. Nekane alikuwa amelikunja pamoja na suruali na viatu siku ile ile, akasema, Mama utaamua mwenyewe, na Mama hakuwa ameamua. Alifagia chumba kile kila Jumamosi bila kuinua macho kufika juu ya kabati. Sasa alipanda ngazi za nyumba yake bila kupumzika katikati, akaleta kigoda, akaushusha mfuko, akaufungua kitandani kweupe, mchana, dirisha likiwa wazi.

Harufu ilitoka kwanza: mafuta ya mashine, na tumbaku aliyodai ameiacha. Karmele aliketi kando ya koti. Alikaa hapo mpaka kengele ya kanisa ikalia na kunyamaza, na hatukuwapo kujua alisema nini. Kisha akatia mkono mfuko wa kulia. Palikuwa na penseli, leso, na ndani ya kunjo la leso, kiwiko kidogo cha chuma.

Alikipeleka jikoni, kwenye dirisha. Bastola ile ilikuwa mbaya, lakini kipande hiki kilikuwa kimefanyiwa kazi na mtu asiyeharakisha. Pembe zake zilikuwa laini. Alikigeuza. Upande wa ndani, ule unaojificha kiwiliwilini ambao hakuna askari angeuona, palikuwa na mikato mitatu mifupi iliyotawanyika, kama unyayo wa kuku.

Karmele hakuhitaji miwani. Alinyoosha mkono akautungua upawa ukutani. Unyayo ule ule ulikuwa kwenye mpini, mahali ambapo kidole chake gumba kilikuwa kimeupapasa tangu alipokuwa mtoto akisimama juu ya kigoda. Bibi yake Bixenta alipiga tupa nyumbani miaka ya vita, kama wanawake wengi wa mtaa. Kila mmoja alitia alama kwenye vipande vyake ili kapu likifika karakanani kazi ya huyu isihesabiwe kwa yule. Vita vilipokwisha, Bixenta alitia alama ile kwenye kila chuma cha nyumba, hata kwenye ndoo ya makaa. Upawa ndio uliobaki.

Toribio alikuwa ameula upawa ule kwa macho miaka yote ya ndoa, kila siku ya maharage. Karmele alidhani anatazama maharage.

Alikwenda nacho kwa Anselmo kikiwa ndani ya ile leso, na upawa chini ya kwapa. Watu wa mtaani walimwangalia. Anselmo alikitia kizuizi mahali pake. Hakusukuma. Kililia ule mlio mmoja, kama kitasa. Kisha akatazama alama, akatazama mpini wa upawa, akavua kofia yake na kuiweka juu ya benchi.

"Kumbe ndiyo sababu aliifunga kama yai," akasema. Kisha akauliza: "Bibi yako alikuwa akimpigia tupa nani?"

"Zeferino Ormaola, wa ghorofa ya chini. Kapu lilikuwa likiteremshwa kwa kamba."

"Zeferino wa mikono miwili ya kushoto, asiyejua kushika tupa? Mzee wangu alikuwa akimsema huyo." Aliigeuza ile bastola mbaya kwenye mwanga, sasa kwa heshima. "Basi hii hapa ni ya Zeferino. Imepata jina."

"Andika," alisema Karmele. "Yeye hakuwa akiandika. Andika wewe."

Ijumaa Garazi aliwaeleza wazee wa bodi, na Karmele aliketi nyuma na koti lake jeusi, mikono juu ya mkoba. Mzee mmoja aliuliza kama ni kweli upawa ni sehemu ya ushahidi. Garazi akajibu kwamba ndiyo, na mwenye upawa amesema wautazame, wasiushike sana, kwa kuwa anautaka arudi nao. Wakapiga kura. Hakuna iliyokwenda tanuri.

Nekane alikuja wakati wa Krismasi, wakala kabeji na samaki kwenye meza ya chumba cha kulia, ambayo sasa ilikuwa na nafasi kwa watu wengi kuliko waliokuwapo. Hakuzungumza tena habari za Bilbao, ila alimwuliza mama yake kama angependa kuja wiki moja Machi. Karmele akasema Machi angeweza.

Bastola zipo ghorofa ya pili ya jumba la makumbusho, kwenye kabati la kioo lenye mwanga wake, na kila moja ina kadi yake. Ile ya Baiona iko mwisho upande wa kulia. Upawa uko jikoni kwa Karmele. Hupika maharage Jumatano, na Anselmo hupanda ngazi saa saba kuja kula.